Kabla hujanunua viti: kupanga ofisi ya watu wanne Dodoma

Habari zenu, karibuni tena. Leo nipo Area C, Dodoma, kwenye nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi. Chumba hiki kilikuwa cha kulala; sasa wanakaa watu wanne na kila mmoja ana lake, huyu kichwa, yule macho, yule shingo. Bosi wao kaniita nimchagulie viti vipya. Nimemwambia asubiri kidogo.

Kwanza dirisha. Lile linatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linampiga usoni dada aliyekaa pale. Kaka huyu naye ameligeuzia dirisha mgongo, mwanga unang'aa kwenye skrini, haoni maandishi, basi anainama mbele kutwa nzima. Shingo itaacha kuuma? Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni mwa mtu. Haya, shika huko, tusukume... Tayari, na hatujatoa hata mia.

Pazia zito sishauri, maana mtaishia kuwasha taa mchana. Jua lizuieni likiwa bado nje: kibaraza, au kichanja cha mzabibu, si tuko Dodoma bwana! Ila mkishaupogoa, kivuli nacho kinaondoka mpaka uchipue tena.

Sasa hewa. Kiangazi hapa upepo wa mashariki unakuja na vumbi lake, watu wanafunga kila kitu. Ikifika saa nne ni miayo tu, wanasingizia usingizi. Anayefika wa kwanza asubuhi afungue madirisha na mlango, hewa ipite upepo ukiwa bado mpole. Ukikaza, funga upande unakotokea, mwingine uache wazi. Pangaboi lisikudanganye, linazungusha hewa ileile. Tena angalieni kidole changu, nimepitisha mara moja tu juu ya panga lake! Futeni kwa kitambaa kibichi. Na sakafu ipigwe deki. Ukifagia kavu, vumbi linahama tu kutoka chini kwenda puani.

Tuje kwenye kiti. Nyayo zikanyage sakafu, viwiko viwe usawa wa meza. Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usawa wa macho. Rimu mbili za karatasi zinaiinua kama sentimita 10. Wa kompyuta mpakato, ukiiinua hivyo utahitaji kibodi ya pembeni. Hapo sasa bosi atoe hela.

La mwisho, lile jagi la maji mezani. Liondoeni, likae mwisho wa korido, mwenye kiu ainuke alifuate. Na kila baada ya dakika 20 acheni skrini, tazameni kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Ule mwarobaini ng'ambo ya barabara unatosha kabisa.