Hesabu Inafanyika Wapi? Kuchagua Daftari la Kukokotoa Ndani ya Kivinjari

Mwenyekiti, walimu wangu, shikamooni. Ndugu wanafunzi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nilinganishe madaftari ya kukokotoa, haya yanayofunguliwa ndani ya kivinjari na kuweka maelezo, fomula, msimbo na jibu katika ukurasa mmoja. Wengi mnayajua kwa jina la Jupyter au Colab. Kwa kawaida watu hulinganisha sura: lipi linapendeza, lipi lina vitufe vingi. Mimi kila daftari nitaliuliza maswali mawili. Hesabu inafanyika kwenye mashine ya nani? Na jibu ninaloliona hapa limetoka kweli kwenye msimbo ninaouona hapa?

Historia nitaipitia haraka. Daftari la namna hii lilikuwamo tayari ndani ya Mathematica, programu ya hisabati, mwaka 1988. Fernando Pérez, mwanafizikia kutoka Kolombia, alianza IPython, mazingira ya kuandikia lugha ya programu ya Python, mwaka 2001. Daftari lake la kivinjari likatoka mwishoni mwa 2011, na mwaka 2014 mradi ukachukua jina la Jupyter. Kando yake kuna Sage, iliyoanzishwa mwaka 2005 na William Stein, mtaalamu wa nadharia ya namba. Stein alitaka pawepo programu huria ya kushindana na Magma, Maple, Mathematica na Matlab, ambayo mwanahisabati anaweza kuifungua na kusoma jinsi jibu lilivyopatikana. Kwangu sababu hiyo haijachakaa. Uthibitisho unaopita katika hatua ambayo huruhusiwi kuisoma, utauteteaje mbele ya wenzako?

Sasa tuandike kitu kidogo: 2^10. Ndani ya Sage mnapata 1024. Ndani ya Jupyter lenye Python ya kawaida mnapata 8, kwa sababu alama hiyo katika Python haihusiani na vipeo. Inalinganisha biti za namba mbili, yaani zile 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia namba. Hakuna onyo lolote. Nane inakaa pale kama jibu halali. Gawanyeni 1 kwa 3: Sage inarudisha sehemu yenyewe, 1/3, na Python inarudisha desimali iliyokatwa. Njooni kwenye Pluto, daftari la lugha ya Julia. 2^10 inatoka 1024 bila shida, lakini 2^64 inatoka 0, maana namba kamili za kawaida za Julia zina nafasi ya biti 64 na hapo zimefurika. Lazima uandike big(2)^64. Katika Observable, linalotumia JavaScript, 2**53 + 1 (yaani 2 kwa kipeo cha 53, jumlisha 1) inatoa 9007199254740992, ambayo ni 2**53 yenyewe. Ile moja imepotea njiani.

Anayechora grafu ya mvua ya msimu hatasumbuka na haya. Anayetafuta namba tasa kubwa ataharibikiwa kazi nzima. Kwa hiyo anayefanya aljebra au nadharia ya namba namwelekeza kwenye Sage kwanza, na habari njema ni kwamba Sage inaendeshwa ndani ya Jupyter lilelile mlilolizoea: unabadilisha injini tu, yaani programu inayokokotoa nyuma ya ukurasa.

Nije kwenye swali la pili, maana hapo ndipo penye hatari kubwa. Kwenye Jupyter msimbo huandikwa katika visanduku viitwavyo seli. Seli ya kwanza andika n = 10. Seli ya pili, jumlisha namba kuanzia 1 hadi n. Jibu ni 55. Sasa rudi juu, badilisha 10 iwe 100, usiendeshe chochote, kisha hifadhi. Ukurasa unasema n ni 100, na chini yake jumla ni 55, wakati jumla ya kweli ni 5050. Au andika seli yenye n = n + 1 na uiendeshe mara mbili. Msimbo ni uleule machoni, lakini thamani iliyo kwenye kumbukumbu ya injini imesogea. Au futa seli iliyotambulisha kigeu: kigeu kinaendelea kuishi kwenye kumbukumbu, kazi yako inaenda vizuri jioni nzima, na kesho ukiwasha upya haiendi. Ni sawa na daftari la madeni dukani ambalo mtu amebadilisha deni la mteja bila kugusa jumla ya chini; kila mstari unasomeka vizuri, na hesabu ni ya uongo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Brazil na New York walichapisha uchunguzi wa madaftari ya Jupyter yapatayo milioni 1.4 yaliyowekwa wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana msimbo. Katika yale waliyojaribu kuyaendesha upya, takriban asilimia 24 tu yalifika mwisho bila kosa, na yaliyotoa majibu yaleyale yalikuwa kama asilimia 4. Mengine yalikwama kwa sababu maktaba, yaani vifurushi vya msimbo vinavyotegemewa, zilikosekana, mengine kwa sababu seli ziliendeshwa bila mpangilio. Hiyo asilimia 4 inaniumiza, kwa sababu daftari lilibuniwa ili mwingine aweze kurudia hesabu yangu.

Pluto, lililotoka mwaka 2020, lilijengwa kuzuia hilo. Ukibadilisha n kuwa 100 na kuiendesha seli hiyo, kila seli inayotegemea n inajikokotoa papo hapo, na 55 inageuka 5050 bila wewe kuigusa seli yake. Ukifuta seli, vigeu vyake vinafutika. Ukitaka kutambulisha n mahali pawili, linakataa. Observable linafuata kanuni hiyohiyo, na kwa watu wa Python lipo marimo. Pluto lina faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha: faili lake ni faili la kawaida la Julia, na ndani yake limebeba orodha ya maktaba na matoleo yake. Gharama ipo. Mara ya kwanza linapakua na kuandaa maktaba, na unasubiri. Na kama hesabu yako inachukua saa tatu, hutaki ijirudie kila unapoendesha badiliko dogo kwenye seli inayoitegemea. Hapo mazoea ya Jupyter yana nafuu.

Sasa mashine ya nani. Colab hesabu zake zinafanyika kwenye seva za Google, na bure inakupa hata kadi za michoro, ambazo wengi wetu hatuwezi kuzinunua. Hilo si dogo. Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Kiafrika, ilipoanza mwaka 2019 iligawa madaftari ya Colab ili mtu yeyote mwenye kivinjari aweze kufundisha modeli ya kutafsiri lugha yake, Kiswahili kikiwemo. Bila mlango huo, wengi wangebaki watazamaji. Lakini ukitoka kwa muda, mashine inachukuliwa, na kilichokuwa kwenye kumbukumbu kinaondoka nayo. Hifadhi matokeo ya kati nje ya daftari, kila hatua.

CoCalc, ya Stein huyohuyo, nayo iko kwenye seva za mbali, ikiwa na Sage iliyokwisha kuwekwa, watu wengi wakiandika daftari moja kwa wakati mmoja, na kumbukumbu ya kila badiliko. Mwalimu mwenye darasa kubwa aitazame hiyo. Mpango wa bure una mipaka mikali.

Na wapo wanaoamini kwamba kivinjari maana yake ni intaneti. Hapana. Jupyter au Pluto ukiliweka kwenye kompyuta yako, kivinjari kinaongea na mashine hiyohiyo iliyo mezani, na bando likiisha kazi inaendelea. Asiyeweza kusakinisha kitu, labda anatumia kompyuta za maabara, ana JupyterLite: Python inapakuliwa ndani ya kivinjari chenyewe, pamoja na maktaba zake za hesabu, NumPy na SymPy, na hesabu zinafanyika hapo. Mzigo wa kwanza ni mkubwa, kumbukumbu ni finyu, na faili zinakaa ndani ya kivinjari. Mwenzako akifuta data za kivinjari, zimekwenda. Pakua nakala kabla hujainuka kwenye kiti.

Nimepata kikaratasi hapa mbele kinachouliza: kwa tasnifu ya shahada ya pili, nichague lipi? Kama ni aljebra, Sage ndani ya Jupyter, kwenye mashine yako. Kama ni milinganyo ya tofauti na michoro mingi, Pluto. Kama ni kufundisha modeli kubwa, Colab, kwa tahadhari niliyoieleza. Na kwa lolote kati ya hayo, kabla hujampelekea msimamizi wako, zima injini, iwashe upya, endesha seli zote kuanzia juu hadi chini, kisha linganisha kila namba na ile uliyokwisha kuiandika kwenye sura ya matokeo. Namba ikitofautiana, inayorekebishwa ni ile ya kwenye tasnifu, na chanzo cha tofauti kitafutwe kabla ya ukurasa mwingine kuandikwa.