Nyeusi Laini: Crown Iliyosahaulika Chini ya Mkorosho

SOMOE: Haya, tumeshaanza. Wapenzi wasikilizaji, karibuni. Mkisikia mvumo nyuma yangu ni feni, na Mtwara msimu huu bila feni hakukaliki. Mimi ni Somoe, muuza spea, na mwenzangu ni Mfaume, fundi wa kung'arisha magari. Kaka Mfaume, ile Toyota Crown nyeusi iliyokuwa karakana kwako, mimi nilipita nikajua ni ya kijivu.

MFAUME: Si wewe peke yako, dada. Mwenyewe alipoileta aliniambia, "Fundi, hata mimi sijui kama bado ni nyeusi." Ilikaa Mikindani chini ya mkorosho tangu alipohamishiwa Dodoma kikazi. Haikufunikwa, haikuoshwa.

SOMOE: Chini ya mkorosho! Mabibo yote yale?

MFAUME: Mabibo, popo, ndege, vumbi. Bibo likipasukia kwenye boneti, maji yake yanakaukia juani yanaacha doa la kahawia. Lakini mavi ya popo na ndege ndiyo balaa hasa, yale yanakula rangi. Unaosha, uchafu unatoka, alama inabaki palepale na umbo lake lilelile. Halafu malori ya saruji yanapita barabara ile. Vumbi la saruji linatua usiku, umande unalilowesha, kufika asubuhi limeshaanza kushika.

SOMOE: Sasa niulize swali la dukani. Kwa nini asiipeleke kwa fundi rangi ikapigwa upya, shughuli ikaisha?

MFAUME: Kwa sababu rangi ya kiwandani ukishaiondoa huipati tena. Kule bodi inaingia kwenye oveni ikiwa tupu, haina taa, haina viti, haina nyaya. Rangi inaokwa kwenye nyuzi 140 hivi. Gari lililokamilika huliingizi kwenye joto hilo, plastiki zote zitakunjamana. Kwa hiyo hapa kwetu inapigwa rangi yenye hadna, ile dawa ya kuigandisha, inakaukia kwenye hewa, na hewa yenyewe ina vumbi na chumvi ya bahari. Mafundi rangi wazuri wapo, sikatai. Ila kama ya kiwandani bado imeshika, iokoe hiyo kwanza.

SOMOE: Na kama haijashika?

MFAUME: Klia ikianza kubanduka, inatoka magamba, unaona mabaka meupe kwenye paa na boneti, hapo mimi sina dawa. Nenda kwa fundi rangi. Na mtu akikwambia ana polishi ya kurudisha klia iliyobanduka, muage kwa heshima.

SOMOE: Klia ni ile ya juu kabisa.

MFAUME: Ya juu, haina rangi. Kwenye bati kuna praima, ile rangi ya msingi, juu yake rangi, juu ya rangi klia. Milimita moja ina mikroni 1,000. Sasa gari la Kijapani, tabaka zote hizo kwa pamoja mara nyingi ni mikroni mia na kitu tu, na klia ndani yake ni kama 40. Hiyo ndiyo akiba uliyopewa. Polishi haizibi mkwaruzo, inashusha rangi iliyouzunguka mpaka mkwaruzo ukose kina. Kila nikisugua, napunguza.

SOMOE: Ndiyo maana unatembea na kile kidude cha kupimia.

MFAUME: Kile kipimo kabla ya kitu chochote. Nagusa bati moja moja. Nikisoma 110, 115, 120, najua ni ya kiwandani. Nikigusa mlango ukasoma 300, huo ulishapigwa rangi, muuzaji aseme asiseme. Ikifika elfu, chini kuna puti, ile ya kuziba mabonde ya bodi. Kwenye ile Crown fenda moja tu ndiyo ilikuwa imerudiwa. Lakini kipimo nacho kina mipaka yake: kinatoa jumla, hakikwambii klia imebaki kiasi gani. Na kwenye bampa la plastiki kipimo cha kawaida hakisomi kitu.

SOMOE: Uliniambia pia kuna namba uliiona ukashusha pumzi.

MFAUME: Eeh, 202. Toyota wana kibao kwenye chumba cha injini, tafuta palipoandikwa C/TR, ndiyo namba ya rangi. Nyeusi yao ya 202 inajulikana kwa ulaini, na magari mengi yaliyopigwa hiyo hayana klia kabisa. Rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Usikisie. Chukua kitambaa cheupe na polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, chini ya mlango huko. Kitambaa kikitoka cheupe kina uchafu tu, klia ipo. Kikitoka cheusi, unasugua rangi yenyewe.

SOMOE: Na hii?

MFAUME: Nyeusi tii. Hapo mwambie mteja mapema, maana akiona pedi, ile sponji ya kupigia polishi, imekuwa nyeusi atapiga yowe kwamba umemmalizia rangi.

SOMOE: Hebu tufafanulie huo ulaini. Nikigusa kwa mkono sioni tofauti.

MFAUME: Hutaiona kwa mkono. Utaiona kwa kanga. Chukua kanga kavu ufute vumbi kwenye nyeusi laini, halafu mulika tochi. Umeshachora. Kuna magari magumu. Mercedes kwa mfano walianza kutumia klia yenye chembechembe za seramiki mwaka 2003, ile ukitaka kuisahihisha utatoka jasho. Hizi za Toyota na Subaru nyingi ni kinyume, mkwaruzo unatoka upesi, na mwingine unaingia upesi vilevile. Watu wanadhani laini ni rahisi. Kukata, yaani kuondoa mikwaruzo, ni rahisi. Kumalizia ndiko kunakokukalisha mpaka usiku.

SOMOE: Turudi nyuma kidogo, kuosha.

MFAUME: Kuosha nisikuchoshe. Kivulini, asubuhi, bati likiwa la baridi. Presha kwanza bila kugusa, povu, presha tena, ndipo mkono uingie na ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia. Maji ya kisima yenye chumvi yasikaukie juu, maana yanaacha duara nyeupe, ukaushe hapohapo. Ile saruji niliilainisha kwa siki iliyopunguzwa na maji, kidogo kidogo, nasuuza. Kisha dawa ya chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikikutana na vumbi la breki. Mwisho udongo wa kusafishia rangi, mpaka ukipitisha kiganja kinateleza.

SOMOE: Udongo huo hauchori?

MFAUME: Kwenye laini unachora. Ndiyo maana siupitishi kama sina mpango wa kupiga polishi. Anayekuoshea gari na kukupitishia udongo kisha akakukabidhi funguo, amekuachia kazi.

SOMOE: Sasa tuingie kwenye ugomvi. Vijana wengi huku wanapiga polishi kwa grainda. Na magari yanang'aa, nimeyaona kwa macho yangu.

MFAUME: Umeyaona kivulini, dada Somoe.

SOMOE: Haya, nimeyaona kivulini.

MFAUME: Grainda ndogo ya kukatia vyuma inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya kupigia polishi, ile ya kuzunguka tu, unaiendesha kati ya 600 na 2,000. Pima mwenyewe. Ukiweka sponji kwenye grainda ukaigusisha ukingo wa boneti, pale bati linapojikunja, rangi ni nyembamba na joto linapanda ghafla. Sekunde chache tu unaona praima. Na hata asipounguza, anaacha mawimbi. Gari likitoka juani saa nane mchana, unaona mistari inacheza juu ya rangi kila ukisogeza kichwa. Kwenye gari jeupe huioni. Kwenye jeusi inakutukana.

SOMOE: Kwa hiyo wewe unatumia ipi?

MFAUME: Ile inayozunguka huku inayumba. Haikati haraka, lakini haiunguzi ovyo. Na kabla ya gari zima najaribu kipande. Nabandika tepu boneti katikati, nusu mita kwa nusu mita. Naanza na pedi laini na polishi laini. Ikitosha, nimemaliza kutafuta. Isipotosha napanda ngazi moja. Kosa la wengi ni kuanza na kampaundi, ile polishi ya kukwangua, kali kwa sababu gari linatisha kwa macho. Lile Crown lilikuwa linatisha, lakini nusu ya kile kijivu ilikuwa rangi iliyochakaa kwa jua, ile ya juu juu, ilitoka na pedi ya kati bila ubishi.

SOMOE: Nilikukuta umepiga magoti na tochi mdomoni, boneti upande mmoja nyeusi, upande mwingine majivu.

MFAUME: Pale nilikuwa natafuta ukungu. Sikia, huu ndio moyo wa nyeusi laini. Umeshakata, mikwaruzo imetoka, unamulika, unaona rangi ina kitu cheupecheupe kimetanda, si mkwaruzo, ni ukungu. Hiyo ni michoro midogo sana iliyoachwa na pedi yenyewe. Pedi za maikrofaiba ndizo zinazoleta sana. Kwenye hizi Toyota mimi siziweki kabisa. Ukiona ukungu, mkono unakutuma ukandamize. Usikandamize. Badilisha pedi, weka ile laini kuliko zote, polishi tone mbili tatu, punguza spidi, acha uzito wa mashine ufanye kazi. Na pedi isafishwe kila bati, kwa brashi au hewa ya kompresa, maana rangi uliyoitoa inaganda mle ndani, ukiendelea unachora kwa uchafu wako mwenyewe.

SOMOE: Babu yangu mzaa mama alikuwa mchonga vinyago. Mpingo alikuwa anaupiga msasa mkali siku moja, msasa laini siku nzima nyingine, na alikuwa anasema anayeharakia polishi anapolishi makovu.

MFAUME: Huyo ningemwajiri. Ndiyo kazi yenyewe. Halafu kuna kufuta. Unamaliza vizuri, unachukua taulo jipya lililokauka, unafuta mabaki, unachora upya! Nyeusi laini inachorwa na taulo. Kwa hiyo unapulizia kwanza, unalaza taulo zito la maikrofaiba, unaliburuta kwa uzito wake lenyewe.

SOMOE: Unapulizia nini?

MFAUME: Aizopropili, aina ya spiriti, iliyopunguzwa kwa maji. Hiyo ina kazi nyingine muhimu. Polishi nyingi zina mafuta, na mafuta yanajaza mikwaruzo. Gari linatoka Ijumaa linameremeta, mvua inanyesha mara mbili, mikwaruzo yote imerudi na salamu zake. Mimi naondoa mafuta mbele ya mteja, namulika tochi, aone kilichobaki kweli.

SOMOE: Na huwa kinabaki?

MFAUME: Lazima kibaki. Kwenye mlango wa dereva mkwaruzo mmoja ukucha ulikuwa unanasa. Ukucha ukinasa, hapo ni ndani mno, ukiufukuzia utafika kwenye praima. Nikaulainisha kingo, sasa unauona ukiutafuta. Na alama mbili za popo kwenye paa nimeziacha zimefifia. Mteja alitaka zitoke zote. Nikamwambia, mzee, nikizitoa leo, gari hili halina polishi nyingine maishani mwake. Akakubali, kwa shingo upande.

SOMOE: Mimi ningekuwa mteja ningenung'unika. Nimelipa.

MFAUME: Nung'unika, rangi bado unayo.

SOMOE: Haya. Ukimaliza unapaka seramiki, ule mpako wa kulinda rangi?

MFAUME: Akitaka. Inasaidia maji kuteleza na uchafu kutoka kirahisi, na inadumu kuliko nta kwa jua hili letu. Lakini asidanganywe na ile 9H kwenye boksi. Hiyo ni ngazi ya ugumu wa penseli, ndivyo wanavyojaribu mipako. Haimaanishi gari limekuwa jiwe. Yule mlinzi akija na tisheti ya mtumba na ndoo yenye mchanga, atachora seramiki na atachora rangi. Nilimpa mteja glavu ya kuoshea na taulo mbili, nikamwonyesha mlinzi wake mwenyewe jinsi ya kusuuza kabla ya kugusa. Tulikaa naye kuliko nilivyokaa na mteja.

SOMOE: La mwisho, kuna msikilizaji wa Nachingwea, anasema ana Toyota Mark X nyeusi, na jirani amemshauri apake dawa ya meno kwenye mikwaruzo.

MFAUME: Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, ndiyo maana inasafisha meno. Kwenye taa iliyopauka itaondoa unjano kidogo, kwa muda. Kwenye Mark X nyeusi ataongeza mikwaruzo mahali palipokuwa na mmoja. Asome kwanza namba ya rangi, afanye jaribio la kitambaa cheupe, na kama ana haraka sana basi anunue shampoo ya gari na ndoo ya pili.

SOMOE: Umemsikia, wa Nachingwea. Na kwa kuwa taa zimetajwa, kipindi kijacho tunazungumzia taa za mbele zilizopauka. Hizo nauza, kwa hiyo tutabishana vizuri.