Dagaa wa Kibirizi ni project tosha, acheni kutafuta roboti

Mwakeye! ... Haya, nimesikia, hata wa kule nyuma mko macho.

Mkuu wa shule kaniomba niongee kidogo kuhusu mashindano ya sayansi na teknolojia, na najua kichwani kwenu kuna kitu kimoja tu, kwamba sisi wa Kigoma na maabara yetu hii tutashindana vipi na shule za Dar zenye kompyuta kila meza. Tutafika huko.

Kwanza mjue mnaingia wapi. Kuna Young Scientists Tanzania, wengi mnaijua kwa YST, ilianzishwa 2011 na maonyesho ya kwanza yakafanyika Dar 2012, wazo lenyewe lilitoka Ireland ambako wanafunzi wanaonyesha kazi zao tangu 1965. Halafu kuna MAKISATU ya serikali, yani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, hiyo imeanza 2019 na inachukua mpaka mafundi wa mtaani, yani usishangae ukikutana na fundi wenu wa kuchomelea kaja na mashine yake.

Sasa kinachowaponza wengi ni hiki: mtu akisikia teknolojia anakimbilia YouTube, anatengeneza kiroboti kinachowasha taa, jaji anamuuliza kinamsaidia nani, kimya. Anamuuliza tena umejuaje kama kinafanya kazi vizuri, anacheka cheka tu. Mimi naona bora uje na swali lako la nyumbani na namba za kweli, hata kama meza yako haina waya hata mmoja.

Nendeni mialoni Kibirizi au Katonga asubuhi muone. Dagaa wametoka ziwani usiku, wanaanikwa, wengine mchangani wengine kwenye vichanja, na kila mama pale ana lake, huyu atakwambia chanja ni gharama za bure, yule atakwambia wa mchangani wateja wanalalamika wanatafuna mchanga. Sawa, nani kapima? Chukua dagaa wa usiku mmoja, gawa mafungu mawili yenye uzito sawa, moja mchangani, jingine kwenye chanja ya wavu, pima kila baada ya saa moja na uandike kama kuna jua au wingu. Dagaa akikauka anapoteza maji, kwa hiyo uzito unashuka, ukiacha kushuka basi kakauka. Lakini kuna mtego hapo, nani kauona? ... Eeh, huyo binti! Fungu la mchangani linabeba mchanga, kwa hiyo mzani utakudanganya, itabidi utafute namna ya kuutoa au kuupima peke yake. Ukimwambia jaji hilo kabla hajakuuliza, umeshamshika.

Kwenye chanja hewa inapita juu na chini ndo maana tunategemea wakauke haraka, ila kutegemea sio matokeo, kwa hiyo rudia siku nyingine, rudia siku ya mawingu pia. Na mkumbuke mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unapungua kwa sababu taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, kwa hiyo ratiba yenu muipange kwa kuangalia mwezi, mwenzenu wa Masaki hana habari na mambo hayo. Alafu muombe ruhusa jamani, dagaa ni mtaji wa mtu.

Mnamjua Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa form three kule Magamba, Lushoto, wanatengeneza ice cream, akaweka maziwa ya moto moja kwa moja kwenye friza maana nafasi ilikuwa inaisha, yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Akauliza kwa nini ya moto yametangulia kuganda, mwalimu akamwambia umechanganyikiwa tu. Baadaye yuko Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, akachekwa. Halafu akaja mhadhiri wa chuo kikuu, Dkt. Osborne, Mpemba akasimama mbele ya watu akauliza tena lile lile. Osborne hakubishana naye, alirudi Dar akampa kazi fundi wake wa maabara. Fundi akajaribu, ya moto yakaganda kwanza, na akamwambia bosi wake wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mnacheka, lakini nusu yenu ndo mnavyofanya kwenye praktiko, mnarekebisha namba zifanane na kitabu. Waliandika pamoja ikachapishwa 1969 na wanasayansi bado wanabishana mpaka leo. Kwa hiyo namba ikikataa iandike hivyo hivyo ilivyokataa.

(Hapa mwanafunzi mmoja akauliza: na hela?)

Swali zuri. Mzani azima dukani, wavu mbovu wavuvi wanao, themometa ipo hapo maabara. Wasiotaka dagaa kuna mawese, nendeni wanakochemsha chikichi mpime kuni zinazoisha kwa debe moja la mafuta, jiko la mafiga matatu na jiko la udongo lililozibwa pembeni, mfananishe.

Form four najua mna NECTA, basi shirikianeni na wadogo zenu wa form two, wao wapime nyie msaidie kuchora grafu. Majina mpeni mwalimu wa fizikia kabla ya Ijumaa na sitaki kichwa kirefu cha project, niandikieni swali, utapima nini na utapima kwa kutumia nini. Haya, nani ana swali jingine?