Naota, na Ninajua Naota

Naanza na bibi yangu. Mlionisikia mwaka jana mtanivumilia.

Nilikuwa juu ya kivuko cha Kigamboni, nimebanwa kati ya bodaboda na mama mwenye ndoo ya samaki. Jua kali, harufu ya dizeli, kila kitu sawasawa. Kando ya ngazi bibi yuko na jiko lake la mkaa, anageuza vitumbua. Bibi huyo tulimzika 2009, na sikushangaa hata kidogo, niliuliza bei! Ndoto za kawaida ndivyo zilivyo: zinakuachia macho, zinakunyang'anya akili ya kuuliza.

Nikatazama tiketi: 200. Nikatazama tena: 2,000. Mara ya tatu hazikuwa namba, ni kama kuku amepita na miguu yenye wino. Hapo nikajua naota.

Kosa la wengi hapo ni furaha. Ukifurahi mno, unaamka. Nimeshapoteza ndoto nyingi kwa furaha. Safari hii nikasugua viganja, nikakazia macho sakafu ya chuma mpaka ikatulia. Nikamwendea bibi na swali lililotuchosha ukoo mzima: kwenye vitumbua ulikuwa unatia nini? Maana vya mama havijawahi kufika. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Iliki."

Iliki! Nani hajui iliki? Bibi wa ndotoni alijua nijuayo mimi, si punje zaidi.

Ndiyo maana sielewani na vijitabu vya tafsiri ya ndoto. Nyoka ni adui, jino kung'oka ni msiba. Nyoka wa nani? Anayefuga nyoka akimwota nyoka, ameota kazini.

Namwona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa: huyu anachezea majini. Shikamoo, baba. Ndoto za kweli sizikatai, mimi si shehe. Nasema hizi zetu za kila siku. Na jinamizi usinitajie jini haraka. Usingizi wa ndoto hulegeza karibu misuli yote, ukiacha ya macho na ya pumzi. Ukizinduka kabla mwili haujafunguliwa, unahisi umekabwa. Pemba mwaka 1995 watu walilala nje kwa kumhofia Popobawa, jini linalosemwa hukaba watu usiku. Waliosema wamekabwa sidhani walikuwa waongo. Walikabwa, ubishi ni nani aliyewakaba.

Nimesema misuli ya macho hailegezwi. Aprili 1975, chuo kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimlaza Alan Worsley, mzoefu wa kujua kuwa anaota, kwenye maabara. Walikubaliana: ukijua unaota, peleka macho kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mashine ikaichora ile miendo ya macho. Mtu kalala fofofo, anatuma salamu kutoka ndotoni! Na bado kuna anayeniambia, "Ulikuwa macho tu, wajidanganya." Mashine ya kupima usingizi ilikuwa imewashwa, bwana.

Namna ya kujaribu, haraka haraka: daftari kando ya mto, andika kabla hujagusa simu. Ndoto ndefu huja karibu na alfajiri, basi usikurupuke. Mchana jizoeze kusoma maandishi mara mbili. Mwenye usingizi wa shida asijikatishe usiku kwa ajili ya mambo haya. Ya watoto wanaoweweseka nilitaka kuyasema, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Nimeitazama mara mbili, mwenyekiti. Zote ni kumi na robo.