Kifaa Nacho Husema Uongo

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Tukisikia mtu katapeliwa mtandaoni, haraka tunamfikiria aliyetuma pesa na mzigo usifike. Wapo, na kinga yao ni fupi: lipia ndani ya jukwaa lenyewe la mauzo, ambako una pa kudai. Muuzaji akianza kukuvuta pembeni, eti mmalizane huko akupunguzie, achana naye. Ukilipa kwa PayPal, usikubali njia ya kuwatumia pesa ndugu na marafiki. Malipo hayo hayana ulinzi wa mnunuzi. Basi, hilo limeisha. Mimi leo namtaka tapeli wa pili, yule wa vifaa vya kompyuta, ambaye mzigo anautuma kweli. Unafika, unauchomeka, unawaka, na bado umeingizwa mjini.

Tuanze na diski, maana hapo ndipo wengi huumia. Kila diski hujiwekea rekodi ya afya yake, iitwayo SMART, na programu kama CrystalDiskInfo inakuonyesha saa ambazo imekuwa kazini. Mwaka una saa 8,760. Kwa hiyo diski yenye saa 26,000 imekesha karibu miaka mitatu. Tazama pia sekta zilizohamishwa, yaani sehemu za diski zilizoharibika na kubadilishwa na za akiba. Zikiwa zinaongezeka, mimi hata nikipewa bure sihifadhi humo kitu ninachokipenda.

Sasa, mnunuzi mwerevu huomba picha ya rekodi hiyo, akiona saa chache analipa. Tatizo ni kwamba rekodi hufutika. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika zinauzwa kama mpya, SMART zake zimerudishwa sifuri, kama gari lililochezewa mita. Seagate wenyewe walisema si wao waliozisambaza. Kilichowaumbua walaghai ni rekodi ya pili ndani ya diski hizo, FARM, ambayo walikuwa hawajaigusa. Programu ya Smartmontools huisoma, toleo la 7.4 na kuendelea. Muombe muuzaji rekodi zote mbili, uzilinganishe.

Flashi na SSD za bei ya kushangaza zina ujanja mwingine. Chipu inayoongoza hifadhi hufundishwa kuiambia kompyuta kwamba kuna terabaiti mbili, kumbe ndani mna gigabaiti chache tu. Unanakili picha zako bila kikwazo, hadi siku unapozifungua. Kwa hiyo usiangalie ukubwa ulioandikwa kwenye skrini. Ijaze yote, kisha isomwe upya. Programu ya H2testw hufanya hivyo kwenye Windows, F3 kwenye Linux. Huchukua masaa. Acha yachukue.

Kwenye kadi za michoro, kadi za zamani kama GTX 550 Ti ya 2011 zimebadilishwa BIOS, ile programu ya ndani ya kadi, zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya GPU-Z huzikamata nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Hata kwa macho unaweza: GTX 1050 Ti halisi haitoi picha ya analogi, hivyo ukiona tundu la VGA, ambalo ni la picha ya aina hiyo, shuka hapo hapo. Wengine huogopa kadi zilizochoshwa na kuchimba sarafu za kidijitali, hasa baada ya Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, kuacha uchimbaji Septemba 2022. Mimi siogopi sana. Feni hubadilishwa. Ninayemwogopa ni anayeficha, na yule anayesema hana pa kuijaribu, kwa sababu zimeuzwa kadi za RTX 4090 zilizong'olewa chipu yenyewe, feni na kava zikabaki zinang'aa. Kadi ambayo haijajaribiwa nailipia bei ya kadi iliyokufa, basi.

Mzigo ukifika, rekodi video tangu boksi limefungwa, namba ya kifaa ionekane, na ujaribu siku hiyo hiyo, kabla muda wa kudai haujapita.

Kuna swali pale nyuma. Prosesa? Hizo kudanganya ni vigumu kidogo, lakini kuvunjika ni rahisi. Ryzen za AMD zinazoingia soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye madabodi, zina pini chini ya prosesa yenyewe, kwa hiyo omba picha ya upande wa chini, karibu na kwa ukali. Ryzen za AM5, na Intel za kompyuta za mezani, pini ziko kwenye madabodi. Huko omba picha ya soketi ikiwa wazi. Akikutumia picha ya boksi, mwombe tena.