Kuga zilizowaka moto: kulanti, silinda hedi na mshale wa joto

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, na hapa nipo na fundi wetu Kessy, ametoka gereji moja kwa moja.

KESSY: Nimenawa, dada, usiniangalie hivyo. Grisi ya leo imekataa sabuni.

ZUHURA: Haya. Leo ni Ford Kuga za Afrika Kusini. Tarehe 16 Januari 2017, Ford ya kule pamoja na Tume ya Taifa ya Walaji walitangaza kuyaita magari 4,556 yarudi kwa mawakala. Ni Kuga zenye injini ya lita 1.6, zilizoundwa Valencia, Hispania, kati ya Desemba 2012 na Februari 2014. Kufikia siku hiyo zilikuwa zimeripotiwa 39 zilizoshika moto.

KESSY: Thelathini na tisa katika elfu nne na ushee! Mimi gari likichemsha mara mbili kwa mwezi nalala nalifikiria.

ZUHURA: Na video zilishasambaa kila kona, gari linawaka kando ya barabara, mwenyewe amesimama pembeni na begi lake. Sasa nieleze, maana chanzo wanasema ni kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, na mimi nilidhani kulanti ni maji. Maji yanawashaje moto?

KESSY: Kilichowaka ni oili. Twende taratibu. Injini ile ni ndogo halafu ina tabo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, kwa hiyo joto lake ni kali. Kulanti ikipungua, au ikikosa kuzunguka, silinda hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda za injini, inapata moto kupita kiasi mpaka inapasuka. Na hedi si pande la chuma tupu, ndani mna njia za oili, na oili ile inasukumwa kwa presha. Hedi ikipata ufa, oili inatoka. Ikidondokea chuma chenye moto, tuseme kwenye tabo au eksozi, umekwisha.

ZUHURA: Hayo ndiyo maelezo ya Ford wenyewe?

KESSY: Ndiyo, kwa maneno yao: kulanti haizunguki, injini inapata joto kupita kiasi, hedi inapata ufa, oili inavuja. Habari ya tabo ni mimi naongeza kwa uzoefu wa gereji.

ZUHURA: Sawa, lakini dashibodi ina mshale wa joto. Dereva anakuwa haoni?

KESSY: Hapo ndipo penyewe. Sensa ya joto, kile kifaa kinachopima joto, inafanya kazi ikiwa imezama kwenye kulanti. Kulanti ikiisha, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, mshale unaweza kukaa palepale katikati kama hakuna kitu, na hedi inaendelea kuiva. Dereva anaamini mshale. Anapoona moshi, chuma kimeshapasuka.

ZUHURA: Kwa hiyo ingetakiwa sensa nyingine?

KESSY: Ya kupima kiwango, siyo joto. Na ndicho Ford walichokuja kufanya Marekani. Machi 2017, miezi miwili tu baada ya Afrika Kusini, waliita magari zaidi ya laki mbili yenye injini hiyohiyo ya 1.6. Escape ya 2014, ambayo ni ndugu wa Kuga, halafu Fiesta ST, Fusion na Transit Connect za kati ya 2013 na 2015. Huko wao walijua matukio 29 ya moto, Marekani na Kanada, bila majeruhi. Dawa yake ikawa kufunga sensa ya kiwango cha kulanti na kubadilisha programu.

ZUHURA: Yaani kifaa kidogo kinachokaa kwenye tangi la kulanti.

KESSY: Kinachomwambia dereva "maji yamepungua" kabla gari halijachemsha. Inauma, dada.

ZUHURA: Mimi kinachoniuma ni muda. Desemba 2015 kuna mtu alifia ndani ya Kuga kule Wilderness, Western Cape, akiwa likizo. Lazima tuseme ukweli: Ford walishikilia kwamba moto ule haukuanzia kwenye injini, na upande wa familia ulikuwa na wataalamu wake. Hilo tuliweke kando. Lakini mwaka 2016 magari yanaendelea kuwaka, na Desemba ndiyo wanawaambia wenye Kuga waende kukaguliwa. Ukaguzi tu! Mtu anasafiri na wanawe sikukuu, anaambiwa apitishe gari likaguliwe.

KESSY: Nitawatetea kidogo, usikasirike. Gari lililoungua linafuta ushahidi wake lenyewe. Mipira imeyeyuka, nyaya hakuna, plastiki zimekuwa majivu. Kujua nini kilianza si kazi ya siku mbili.

ZUHURA: La kwanza, nakubali. La kumi, nakubali kwa shingo upande. La thelathini na tisa, hapana, Kessy.

KESSY: Hapo sina jibu.

ZUHURA: Na Tume hawakuliachia hapo. Baadaye waliafikiana na Ford, kampuni ikalipa faini ya randi milioni 35. Kuna mlolongo mwingine wa kesi na fidia, siuingii leo, tutakesha.

KESSY: Tuje kwetu basi. Magari yetu mengi hayakununuliwa mapya. Yametoka Japani, barua ya kuitwa inakwenda kwa Mjapani aliyeliuza zamani. Wewe wa Tabata au Kongowea hakuna anayekujua.

ZUHURA: Kwa hiyo tufanyeje?

KESSY: Chukua namba ya chesisi. Kampuni kubwa za Japani, Toyota mojawapo, zina ukurasa wa kutafuta kwa namba hiyo kama gari limewahi kuitwa. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu inatafsiri. Gari la Marekani lina namba ya tarakimu na herufi 17, unaiingiza kwenye tovuti ya mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA.

ZUHURA: Na wanaoongeza maji ya bomba kila asubuhi?

KESSY: Hao ndio wateja wangu wakubwa! Kulanti haipotei hivihivi. Ukiongeza kila wiki, kuna mahali inatoka. Gari likiwa baridi, angalia tangi dogo, kiwango kiwe kati ya MIN na MAX. Pitisha macho kwenye maungio ya mipira na chini ya pampu ya maji. Kulanti ikivuja taratibu inakauka, inaacha ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti yenyewe. Na ukisikia harufu tamutamu ndani ya gari, usiseme ni pafyumu ya abiria.

ZUHURA: Moshi ukianza kutoka mbele, mtu afungue boneti?

KESSY: Asifungue! Akifungua anaupa moto hewa. Simama pembeni, zima injini, shusha watu wote, sogeeni mbali, piga simu. Simu na laptopu mkiziacha ndani, ziacheni.