Muuguzi Aliye Nyuma ya Ujumbe

MTANGAZAJI 1: Karibuni, wasikilizaji. Mada yetu leo ni teknolojia ya habari na mawasiliano katika huduma za afya, nasi tumeamua kuanza na simu ndogo ya vitufe, kwa sababu ndiyo iliyowafikia wagonjwa wa eneo letu kabla ya mifumo mingi inayotajwa siku hizi. Kaka, ulipendekeza tuanzie Kenya.

MTANGAZAJI 2: Ahsante, dada. Kuanzia mwaka 2007, watafiti waliandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya VVU katika kliniki tatu, zikiwemo za Nairobi na Kajiado. Takriban nusu yao walipata huduma ya kawaida. Waliobaki, pamoja na huduma hiyo, walitumiwa na muuguzi ujumbe mfupi kila wiki: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama “Sawa” ama “Shida”. Aliyejibu “Shida” alipigiwa simu na muuguzi, na aliyenyamaza naye alipigiwa.

MTANGAZAJI 1: Naomba tukae hapo kidogo, maana kuna hekima kubwa katika ujumbe huo. Haukutaja ugonjwa, haukutaja dawa, haukutaja hata kliniki. Simu nyingi za wakati ule zilitumiwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, na mama ambaye hajamweleza mumewe hali yake angeweza kuingia matatani kwa sababu ya ujumbe unaomkumbusha kumeza vidonge, lakini salamu ya wiki haimshtui mtu yeyote. Leo Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022, nami nafurahi kwamba zipo. Hata hivyo, siri ya mgonjwa hulindwa kwanza na yule anayeamua ni maneno gani yaonekane kwenye kioo cha simu.

MTANGAZAJI 2: Na matokeo yalionekana. Utafiti ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliokuwa na ufuasi mzuri wa dawa, yaani waliomeza dawa kama walivyoelekezwa, walikuwa asilimia 62 katika kundi lililotumiwa ujumbe na asilimia 50 katika kundi lingine, na waliofanikiwa kufubaza virusi, yaani kuvishusha sana kwenye damu, walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Mimi huamini zaidi kipimo hicho cha pili, kwa kuwa ufuasi ulitegemea maelezo ya mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa anaweza kuona haya kumwambia muuguzi kwamba aliruka dozi, ilhali damu haina haya.

MTANGAZAJI 1: Basi msikilizaji anaweza kusema: tumeni ujumbe kila siku, mambo yatakuwa bora zaidi.

MTANGAZAJI 2: Lilijaribiwa pia, katika kliniki ya Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Kati ya waliokumbushwa kila wiki, asilimia 53 walifikia ufuasi wa angalau asilimia 90, wakati kwa wasiotumiwa chochote waliofikia hapo walikuwa asilimia 40. Waliokumbushwa kila siku hawakuonyesha nafuu yoyote ya maana kuliko wasiokumbushwa kabisa.

MTANGAZAJI 1: Hilo halinishangazi. Kinachokuja kila siku mtu hukizoea, kisha hukipuuza. Ila nina swali: huyo muuguzi wa Nairobi na Kajiado, muda wa kupiga simu zote hizo aliupata wapi?

MTANGAZAJI 2: Hapo ndipo kwenye kiini chenyewe, dada. Wengi walijibu kwamba wako sawa, kwa hiyo muuguzi alijua ni nani wa kumpigia, wala hakulazimika kumfuata kila mtu. Hata hivyo, lazima muuguzi awepo, awe na salio, na awe na saa ya kazi iliyotengwa kwa ajili hiyo. Ukinunua mfumo ukamsahau yeye, mgonjwa ataandika “Shida” na hakuna atakayesoma.

MTANGAZAJI 1: Nimeona jambo hilohilo Tanzania, katika mradi ulioitwa SMS for Life, ulioanza mwaka 2009 katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo 129 vya kutolea huduma vilituma kila wiki, kwa ujumbe mfupi, idadi ya dozi za dawa mseto ya malaria na kwinini ya sindano zilizobaki kwenye rafu. Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa ya malaria vilishuka kutoka asilimia 78 wiki ya kwanza hadi asilimia 26 wiki ya 21. Lakini Lindi Vijijini ilifika sifuri kwenye wiki ya 8, ingawa ujumbe ulikuwa uleule wilaya zote tatu. Naamini tofauti ililetwa na watu wa wilaya waliopokea zile namba na kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada.

MTANGAZAJI 2: Ndiyo maana naupenda utaratibu wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa mama wajawazito, ambao sasa umesambaa Tanzania. Unapiga 115 bila malipo, mhudumu wa kituo cha simu anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anamwita dereva wa kijamii aliyesajiliwa hukohuko kijijini. Malipo yake huingia kwenye simu baada ya kumfikisha mama mjamzito hospitalini, kwa hiyo usiku wa manane dereva habishani na mume kuhusu nauli.